Je, Wajua? Chaza Hana Miguu, Ana Kalenda

Je, wajua kwamba bei ya omena kando ya reli pale Kibera huamuliwa pia na uzazi wa omena wenyewe? Kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai kila mwaka, Kenya hufunga uvuvi wa omena upande wake wa Ziwa Victoria ili samaki hao wazaliane na vifaranga wapate kukua. Ndio wakati mteja wa Gatwekera anapoinama juu ya gunia na kuuliza, "Mama, gorogoro imepanda tena?" naye akajibiwa kwa maneno mawili tu: "Ziwa limefungwa." Mzigo unaoonekana sokoni miezi hiyo mara nyingi hutoka Uganda, ambako omena ni mukene, au Mwanza, ambako ni dagaa. Mwingine hutoka papa hapa Kenya, usiku, na hakuna anayeuliza sana.

Je, wajua kwamba mwezi nao una kauli sokoni? Omena huvuliwa usiku wa giza kwa taa: samaki hufuata mwanga, wavu ukawazunguka. Mbalamwezi ikitanda, taa haina kazi, na wavuvi wengi hubaki ufuoni wakishona nyavu. Siku chache baadaye mzigo mpya hupungua Toi na katika soko la Kawangware, na anayenunua kwa kasuku badala ya gunia ndiye wa kwanza kuhisi.

Tarehe 1 Aprili hiyo hiyo, zaidi ya kilomita 600 upande wa pwani, mlango mwingine hufunguliwa. Meli za kukokota nyavu huruhusiwa kuingia Ghuba ya Ungwana kuvua kamba, baada ya kuzuiwa tangu tarehe 1 Novemba. Meli hizo zilisimamishwa mwaka 2006 baada ya ugomvi wa muda mrefu na wavuvi wadogo, na ziliporudi mwaka 2011 zilikuta kanuni mpya, msimu wa kufungwa ukiwa mojawapo. Kwa hiyo siku moja Kenya huwapa omena likizo ya uzazi na kuwakatizia kamba ya kwao.

Je, wajua kwamba maji yanayopita chini ya vidaraja vya Kibera huishia kwenye kitalu cha kamba hao? Fuata maji uone. Mto Motoine hutoka upande wa msitu wa Dagoretti, hupita kando ya Kibera na kuingia Nairobi Dam, kisha hutoka humo ukiitwa Mto Ngong. Vijito vya Kawangware navyo hushuka hadi Mto Nairobi. Yote hukutana na kumwagika katika Mto Athi, ambao huanguka Fourteen Falls karibu na Thika, hukata nyika ya Tsavo ukiitwa Galana, na kufika baharini kwa jina la Sabaki, kaskazini kidogo ya Malindi. Hapo ndipo inapoanzia ghuba inayoendelea hadi Ungwana na kupokea pia Mto Tana. Masika yakijaza mitaro ya Silanga na Lindi huko Kibera na maji kuingia nyumbani mwa watu, haipiti muda bahari ya Malindi inageuka rangi ya udongo. Watalii hununa. Wavuvi wa kamba huandaa nyavu.

Kwani kamba anataka nini mtoni? Kamba jike hutaga baharini, penye chumvi kamili, mamia ya maelfu ya mayai kwa mkupuo mmoja. Mayai huanguliwa ndani ya siku moja, na kinachotoka hakifanani na kamba hata kidogo: ni kidude kinachoelea, kisichokula kitu, kinachoishi kwa akiba ya kiini cha yai. Hujivua gamba na kubadilika, hujivua tena na kubadilika, na baada ya wiki mbili tatu hivi ndipo umbo la kamba linapojitokeza. Maji kujaa humsukuma kuingia kwenye midomo ya mito na vichaka vya mikoko, ambako chumvi ni kidogo, chakula ni tele, na samaki wakubwa hawapenyi kwa urahisi kati ya mizizi. Huko hukaa miezi michache. Mvua kubwa zikiupa mto nguvu, makundi ya kamba wachanga husukumwa kutoka nje kwenda kukomaa baharini, na ndiyo maana mavuno ya Ungwana hufuata mvua. Mvua ileile inayolowesha godoro Kibera ndiyo inayojaza wavu Ngomeni, kwenye ghuba hiyo.

Uchafu nao hufuata njia hiyohiyo. Mifuko, sabuni, mafuta ya gereji, maji ya vyoo: vyote vina nauli ya bure hadi Malindi. Anayesema bahari ni shida ya watu wa pwani hajaufuata mtaro wa mtaa wake hata siku moja.

Je, wajua kwamba kwenye vituo vya kutotolesha kamba duniani, jike mara nyingi hukatwa jicho moja ili atage? Ndani ya kikonyo cha jicho mna tezi inayotoa homoni ya kuzuia mayai yasikomae. Ukiiondoa, breki imeachiwa, na mayai hukomaa upesi. Kazi ya mikasi, na siku hizi watu wengi wanaipinga, nadhani kwa haki.

Na je, wajua kwamba huenda umekula kamba bila kujua? Ziwa Victoria lina kamba wake wa maji baridi, mdogo sana, ambaye Wajaluo humwita ochong'a. Jike hubeba mayai chini ya tumbo mpaka yaanguliwe. Ochong'a waliongezeka sana baada ya mbuta kuwamaliza fulu waliokuwa wakiwala, na leo hukaushwa na kusagwa kuwa chakula cha mifugo. Yai la kuku unalochemshiwa na kupasuliwa, likajazwa kachumbari pale Kawangware 46, laweza kuwa limejengwa na kamba wa Homa Bay.

Sasa tuteremke kabisa, hadi kwenye mwamba unaoachwa wazi maji yakipwa. Je, wajua kwamba chaza akishachagua pa kukaa hahami tena hadi kufa? Chaza wa pwani yetu, Saccostrea cucullata kwa jina la kitaalamu, hujibandika kwenye jiwe au mzizi wa mkoko angali mdogo kama chembe ya mchanga, kwa gundi anayoitoa mwilini. Kuanzia hapo hakuna kutembeleana wala kuchumbiana. Dume humwaga mbegu majini, jike humwaga mayai majini, vikutane huko vyenyewe. Jike mmoja hutoa mayai kwa mamilioni, lakini mbegu haidumu: ni suala la saa, si siku. Chaza akimwaga Jumanne na jirani yake Ijumaa, wote wawili wamepoteza kazi ya mwaka. Wakati ndio mchumba wake.

Wanakubalianaje, ilhali hawana macho wala masikio? Kwanza, mwili wa kila mmoja husoma hali ya maji: joto, chumvi, wingi wa vimea vya chakula vinavyoelea. Pili, mbegu za chaza mmoja hubeba kemikali ambayo jirani akiivuta kwenye matamvua yake humchokoza naye amwage, na jirani wa jirani vivyo hivyo, mpaka mwamba mzima umefunikwa na ukungu mweupe. Mtu wa Vihiga au Kakamega anayeishi Kawangware hahitaji kuelezwa zaidi. Kumbekumbe hutoka vichuguu vyote jioni moja baada ya mvua. Ndege wanakula mpaka wanashindwa kuruka, watoto wanajaza sufuria, na bado wanabaki wa kuanzisha vichuguu vipya. Wingi wa ghafla ndio kinga yao. Samaki wanaomeza mayai ya chaza hushiba kabla mayai hayajaisha.

Waliobaki huelea kwa wiki mbili hadi tatu. Siku za mwisho kiumbe huyo, angali haonekani vizuri kwa macho, huota kiguu kidogo na doa linalohisi mwanga, hushuka, hutambaa huku na huko akipima pahali, kisha hujibandika na kukipoteza kiguu chenyewe. Hupenda sana kutua palipo na chaza wengine. Ana sababu: kama wao wameishi hapo, hapo pana maisha, na siku ya kumwaga hatakuwa peke yake.

Ulaya kuna desturi ya kale ya kutokula chaza kuanzia Mei hadi Agosti. Hicho ni kiangazi chao, maji yamepata joto, chaza wanazaa, na nyama ya chaza aliyekwisha kumwaga huwa laini ya majimaji isiyo na ladha. Chaza bapa wa huko huongeza tatizo, kwa kuwa jike huwalea watoto ndani ya gamba lake, na mlaji hutafuna kitu kama mchanga. Desturi hiyo haifai kubebwa hadi Kwale. Bahari ya Kenya hutoka karibu nyuzi 25 za Selsiasi mwezi Agosti, kusi likivuma, hadi karibu nyuzi 30 mwezi Machi, mwisho wa kaskazi. Tofauti ni ndogo, hivyo chaza wa kwetu wanaweza kuzaa miezi mingi ya mwaka, wakichangamka zaidi joto na mvua vinapobadilisha maji.

Je, wajua kwamba bibi chaza huenda alianza maisha akiwa bwana? Chaza wengi hukomaa kwanza wakiwa madume, kisha hugeuka majike wakinenepa. Ni hesabu ya matumizi. Mbegu za kiume ni ndogo na rahisi kutengeneza, hata kijana mwembamba anazimudu. Mayai yanataka mwili mkubwa wenye akiba. Chaza bapa wa Ulaya haishii hapo, hurudi udume na kurejea ujike mara kadhaa maishani. Kuna jambo hapa kwa mchumaji: anayebeba wakubwa tu na kuacha wadogo, akidhani anahifadhi, kumbe ameondoa majike na kubakiza kijiji cha wanaume.

Wanawake wa Fumba na Bweleo, kusini mwa mji wa Zanzibar, wamekuwa wakiokota kombe na chaza kwa vizazi vingi, na waliona wenyewe magamba yakizidi kuwa madogo. Tangu miaka ya 2000, wakishirikiana na Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako Narriman Jiddawi alikuwa miongoni mwa watafiti wa mbele, walitenga sehemu za kutochuma na wakaanza kufuga chaza lulu. Huyu naye huanza udume. Kufuga kwenyewe hutegemea kalenda: kamba za kutegea makinda hushushwa majini wakati ambapo watoto wa chaza wanaoelea wanatafuta pa kutua. Ukiwahi mno, kamba huota mwani kabla wageni hawajafika, nao hawapendi nyumba chafu. Ukichelewa, wamekwisha kupanga kwingine. Chaza akishakua, kitufe hubandikwa ndani ya gamba lake, naye hukifunika taratibu kwa tabaka za kung'aa mpaka kiwe nusu lulu, ambayo mama wa kijijini huigeuza kuwa herini au kidani.

Bamvua, maji yanapopanda na kushuka sana, na maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo: watu wa pwani huvipanga vitu hivi kichwani kama Mnairobi anavyopanga siku za maji ya mfereji kutoka na kukatika. Mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukipevuka, maji hupanda na kushuka kupita kiasi, na Mombasa tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika karibu mita 4. Bamvua ndiyo siku ya mama kuingia mwambani na ndoo, kwa kuwa sehemu za chini zimefunuka. Na ndiyo siku ambayo viumbe wengi wa mwambani hupenda kuachia watoto wao, maana mkondo wenye nguvu huwatoa haraka mbele ya midomo ya samaki wa karibu.

Je, wajua kwamba supu ya pweza ina kejeli ndani yake? Pweza ni ndugu wa chaza na konokono, ila gamba lake lilipotea zamani katika safari ya vizazi. Muuza supu wa Mombasa au Dar es Salaam atakuapia kwamba bakuli moja linarudisha ujana wa mzee. Hakuambii kwamba pweza dume mwenyewe akishampa jike mbegu, kwa mkono mmoja kati ya minane uliotengwa kwa kazi hiyo, hudhoofika na kufa kabla muda haujawa mrefu. Jike hamzidi sana. Hutaga mamia ya maelfu ya mayai, huyatundika darini mwa pango lake, huyapepea maji safi usiku na mchana, hali kitu, na watoto wakitoka naye anakufa. Maisha yote ya pweza wa mwambani ni mwaka mmoja na ushei.

Maisha hayo mafupi ndiyo yamefanya ufungaji wa miamba kwa muda uwe na maana. Pweza hunenepa kwa kasi sana, hivyo mwamba ukipumzishwa miezi michache tu, aliyekuwa wa nusu kilo atakuwa mkubwa, na huenda amekwisha kutaga. Kijiji cha Andavadoaka, Madagaska, kilijaribu hivyo mwaka 2004 na habari zikasambaa hadi Kisiwa Panza huko Pemba na Pate huko Lamu. Ukipima, pweza ni rahisi kumtungia sheria kuliko omena: mwamba unaonekana, wanaoutumia wanajuana kwa majina, na siku ya kufungua kijiji kizima kipo ufuoni. Ziwa lenye nchi tatu na maelfu ya mitumbwi ni habari nyingine. Na likifungwa, mfungo hauishii ufuoni; huhisiwa na mama mwenye karai Laini Saba, Kibera, ambaye hakuna aliyemwita kwenye mkutano wowote wa kupanga tarehe.

Kwa wapenda kaa. Kaa jike wa mikokoni humpokea dume wakati mmoja tu, anapotoka kujivua gamba na mwili ungali laini kiasi cha kuraruliwa na yeyote. Dume humkumbatia siku kadhaa kabla ya hapo na kumlinda baadaye, na sioni mlinzi mwingine angempata wapi. Jike anaweza kuhifadhi mbegu zile kwa miezi, azitumie wakati wake. Ukifika, huacha mikoko na kuelekea bahari ya wazi akiwa na mayai ya mamilioni chini ya tumbo, kwa maana watoto wake hawastahimili maji yenye chumvi haba. Kule Dabaso, kwenye hori la Mida karibu na Watamu, kikundi cha wenyeji kimejenga mkahawa wa mbao juu ya mikoko na kuuza sambusa za kaa. Ukiketi pale unakula mzaliwa wa bahari kuu aliyerudi kukulia uani.

Ukimkuta kaa sokoni Nairobi, mgeuze. Kile kifuniko kilichokunjwa chini ya tumbo, kikiwa chembamba chenye ncha, ni dume. Kikiwa kipana cha mviringo, ni jike mzima. Chini ya kifuniko pakiwa na mayai ya rangi ya chungwa, yametagwa karibuni. Yakiwa ya kahawia kuelekea weusi, macho ya watoto yamekwisha kuota, na kilichobaki ni siku chache.

Kambakochi je? Dume hubandika kifuko cha mbegu kifuani mwa jike kikakauka hapo kama doa la lami, na jike hukikwaruza mwenyewe siku atakayotaga. Watoto wake ni bapa na wanapenyeka mwanga, hawana uzito wa kuzama, na huelea bahari kuu kwa miezi mingi kabla ya kugeuka na kuja pwani. Kambakochi aliyevuliwa Shimoni huenda wazazi wake hawakuwahi kuona maji ya Kenya.

Vile vidude vyenye gamba gumu vinavyoganda chini ya ngalawa na kwenye nguzo za gati, vinavyokukata unyayo, ni jamaa wa kaa na kamba, si wa chaza. Navyo havihami. Ila havimwagi mbegu ovyo majini: kila kimoja kina kiungo cha kiume kinachoweza kurefuka kupita urefu wa mwili wake mara kadhaa, hadi mara nane kwa baadhi, hupapasa nacho mpaka kimpate jirani. Charles Darwin alivichunguza vidude hivi miaka minane, kuanzia 1846 hadi 1854. Sijui mkewe alikuwa akijibu nini wageni wakiuliza mume anashughulika na nini.

Chumbe, kisiwa kidogo karibu na Zanzibar, kuna kaa mkubwa wa nchi kavu apandaye miti na kupasua nazi. Akizamishwa baharini hufa. Hata hivyo jike lazima arudi ukingoni mwa maji kuachia mayai, kwani watoto ni wa bahari.

Je, wajua kwamba imani ya zamani kuhusu mwezi na vyakula vya bahari iliwahi kupimwa? Tangu zama za Wagiriki, watu wa Bahari ya Kati waliamini kwamba wanyama wa magamba hujaa nyama mwezi ukijaa. Miaka ya 1920 mwanabiolojia Mwingereza H. Munro Fox alikwenda Misri kuichunguza. Kwa wengi wao hakupata ushahidi. Lakini Suez alimkuta yule mnyama wa mviringo mwenye miiba mirefu myeusi, anayeogopwa na kila mwogeleaji wa Diani, akifuata mwezi kweli: mayai hujaa na kumwagwa mwezi unapopevuka, kisha huanza upya. Baadaye Nyawira Muthiga alichunguza miamba ya Kenya na kukuta mnyama huyo na jamaa yake, wanaokaa bega kwa bega, wamegawana mwezi. Mmoja humwaga kabla haujapevuka, mwingine siku chache baada. Mbegu zao hazichanganyiki, na hakuna aliyewasuluhisha.

Zile kauri ndogo ambazo ajuoga hurusha chini akisoma mambo ya mteja, gagi kwa Kijaluo, ni za mnyama mwenye bidii ya ulezi isiyo ya kawaida katika ukoo wake. Kauri jike hutaga vifuko vya mayai chini ya jiwe na kuyakalia mpaka watoto watoke. Karne ya 19 kampuni za Hamburg zilizibeba kauri za pwani ya Zanzibar kwa meli nzimanzima kwenda Afrika Magharibi, ambako zilikuwa fedha. Ni mama wangapi walibebwa wakiwa juu ya mayai, hakuna karani aliyeandika.

Tumalizie nyumbani. Wale wa Kibera wanaopanda sukuma wiki kwenye magunia yaliyojazwa udongo wanamfahamu konokono mkubwa wa nchi kavu, naye ni binamu wa chaza aliyehamia juu. Kila mmoja ni dume na ni jike kwa wakati mmoja. Wawili wakikutana usiku wa mvua, wote wanaweza kuondoka na mimba, na mbegu walizopeana huhifadhiwa kwa miezi. Mvua ikirudi hutaga ardhini mayai meupe au ya manjano kwa mamia. Mvua za kwanza ndizo wakati wa kufukua kidogo pembeni ya gunia na kuyatoa, kabla majani hayajaanza kutobolewa.

Konokono mdogo wa maji baridi anayebeba vimelea vya kichocho kando ya Ziwa Victoria amekwenda mbali zaidi. Naye ni dume na jike pamoja, ila asipopata mwenza anaweza kujirutubisha mwenyewe. Ndiyo maana dawa ikimwagwa kwenye dimbwi ikaua wote ikasaza mmoja, mvua mbili tatu baadaye dimbwi limejaa tena.